Leseni za bangi Illinois: je, zimewafikia waliokusudiwa?

Jimbo la Illinois nchini Marekani lilipohalalisha bangi kwa watu wazima kuanzia tarehe 1 Januari 2020, halikuishia kwenye kuruhusu uuzaji. Sheria iliyotiwa saini na Gavana J.B. Pritzker mwezi Juni 2019 iliahidi kwamba watu waliobeba mzigo wa kukamatwa na kufungwa kwa sababu ya mmea huo wangesaidiwa kuingia katika biashara yake. Ahadi hiyo ilikuwa na msingi. Ripoti ya shirika la haki za kiraia la ACLU ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba Mmarekani mweusi alikuwa na uwezekano mara 3.64 zaidi ya mzungu wa kukamatwa kwa kupatikana na bangi, ilhali viwango vya matumizi vinakaribiana.

Mwombaji wa leseni ya duka alihesabiwa kuwa wa mpango wa usawa wa kijamii, yaani mpango wa kutimiza ahadi hiyo, iwapo angalau asilimia 51 ya kampuni ilimilikiwa na watu walioishi miaka mitano kati ya kumi iliyopita katika eneo lililoathirika zaidi na ukamataji huo, au waliowahi kukamatwa, wao au jamaa zao wa karibu, kwa makosa ya bangi yanayoweza kufutwa katika rekodi. Ada yake ilikuwa dola 2,500 badala ya 5,000, na katika alama 250 alipewa 50. Hata hivyo, sheria iliacha mlango wa pembeni: kampuni yenye wafanyakazi wasiopungua kumi iliweza kupata sifa hiyohiyo kama wengi wao walitoka katika maeneo hayo, hata kama mwenye mali hajawahi kukanyaga huko. Nadhani hapo ndipo ahadi ilipoanza kuvuja, kwa kuwa kumwajiri mtu wa mtaa huo si sawa na kumfanya mmiliki.

Alama zilizobaki zilitegemea makaratasi: mpango wa ulinzi, mpango wa biashara, mchoro wa duka, namna ya kutunza kumbukumbu za mzigo. Mama anayetafuta risiti za umeme za miaka mitano ili kuthibitisha kwamba aliishi upande wa magharibi wa Chicago alishindanishwa na kampuni zilizokodi mawakili na washauri kuandika kila ukurasa. Septemba 2020 ilitangazwa kwamba ni waombaji 21 tu, wote wenye alama kamili, watakaoingia katika bahati nasibu ya leseni 75. Alama kamili zilihitaji pia kuwa na mmiliki aliyewahi kutumikia jeshi, jambo lisilohusiana kwa vyovyote na madhara ya kukamatwa. Kesi zikafunguliwa, bunge la jimbo likaongeza leseni 110 mwaka 2021, na leseni za masharti, zilizompa mshindi muda wa kutafuta jengo kabla ya kufungua duka, zikaanza kutolewa Julai 2022. Muda huo wote, maduka yaliyokuwa yakiuza bangi ya matibabu yaliruhusiwa kuwauzia watu wazima tangu siku ya kwanza, na hata kufungua tawi la pili.

Wanaoutetea mpango wanasema ucheleweshaji hauondoi haki iliyomo, na kwamba bila leseni zilizotengwa soko lote lingebaki mikononi mwa kampuni chache zenye mtaji. Hoja hiyo naiheshimu, kwani anayemiliki duka huwaachia watoto wake kitu, na mshahara pekee haufanyi hivyo. Upande wa pili, unaoona kufuta rekodi na kurudisha fedha mitaani kuna faida zaidi, unajibu kwamba hata leseni 185 ni tone tu, ilhali hadi mwisho wa mwaka 2020 rekodi karibu 500,000 za kukamatwa zilikuwa zimefutwa, na asilimia 25 ya mapato ya jimbo kutokana na bangi imetengewa mitaa iliyoumia. Kwa idadi ya watu waliofikiwa, upande huu una nguvu zaidi.

Kinachonisumbua zaidi ni mtaji. Aliyeshinda alipewa siku 180 kutafuta jengo, lisilo ndani ya futi 1,500 kutoka duka jingine, huku benki nyingi zikikwepa kumkopesha kwa sababu sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, iliendelea kuikataza bangi. Kanuni ya kodi ya shirikisho ilimzuia pia kutoa gharama kama pango na mishahara katika hesabu ya kodi ya mapato. Aliyekwama hivyo humwendea mwekezaji, na mwekezaji huja na mkataba unaomwachia mwenye leseni jina tu. Mkopo wa jimbo ungepaswa kuwa tayari mkononi mwa mshindi siku ileile anayokabidhiwa leseni.

Kwa wasomaji wetu walioko Marekani wakiwa na grinikadi, kuna jambo ambalo leseni ya jimbo haiwezi kulifuta. Mwongozo wa idara ya uhamiaji wa Aprili 2019 ulieleza kwamba kujihusisha na bangi kinyume cha sheria ya shirikisho kunaweza kumnyima mtu sifa ya mwenendo mwema inayohitajika kwa uraia, hata kama jimbo lake limeruhusu. Mhamiaji aliyeishi miaka mitano katika mtaa ulioathirika anaweza kutimiza sharti la makazi bila shida, akajikuta ameuweka uraia wake rehani kwa sahihi ileile inayompa asilimia 51. Wakili wa uhamiaji aonwe kabla ya ada ya maombi kulipwa.