Wafini walimtunza mtunzi wao angali hai

Huku Ufini, kila tarehe 8 Desemba bendera hupandishwa kwa heshima ya mtunzi wa muziki, Jean Sibelius, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1865. Mimi Mtanzania niliyelelewa na dansi la redioni, nikiiona bendera ile naona wivu.

Ana kibao kifupi, Valse triste, cha kama dakika sita hivi. Alikitunga mwaka 1903 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa shemeji yake, Arvid Järnefelt. Mama yu mahututi kitandani, mwanawe kasinzia pembeni. Nyuzi zinadonolewa taratibu, kwa kusitasita. Mama anainuka, anacheza na wageni walio kama vivuli. Muziki unapamba moto hadi unasahau kwamba huyu ni mgonjwa. Mara mlango unabishwa, na aliyesimama kizingitini ni Mauti. Mwishoni zinabaki fidla nne tu. Kisikilizeni, jamani, hata kama muziki wa Kizungu haujawahi kuwagusa.

Haki za kibao hicho aliziuza kwa mchapishaji kwa fedha kidogo. Kikavuma Ulaya nzima, faida wakaila watu wengine. Wazee wetu wa dansi wanaijua hadithi hiyo vizuri mno: unalipwa mara moja, wimbo unapigwa miaka nenda rudi, na siku ukiugua unapitishwa mchango.

Ila Sibelius hakuachiwa mchango. Tangu mwaka 1897, akiwa na miaka 31, serikali ilikuwa imemtengea posho ya maki 3,000 (fedha ya Ufini ya wakati huo) kwa mwaka, ambayo baadaye ikawa ya maisha. Madeni hayakuisha, lakini aliendelea kutunga. Na msiniambie Wafini walikuwa matajiri. Nchi ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, na miaka thelathini tu nyuma njaa kuu ya 1866 hadi 1868 ilikuwa imeua watu wengi sana. Walikuwa maskini, na bado wakaamua.

Kwetu sheria ya hakimiliki tuliyonayo sasa ni ya mwaka 1999, na mirabaha imeanza kugawiwa. Naipongeza hatua hiyo kwa dhati, ila haitoshi. Nataka mpiga gitaa wa miaka sabini, ambaye nyimbo zake tunazicheza kwenye kila harusi, awe na pensheni yake kila mwezi kama mwalimu mstaafu. Wabunge wetu walizungumzie hili wazee hawa wakiwa bado hai.