Kila Karatasi na Harusi Yake

Babu wa babu yangu alioa mke mmoja, siku moja, akatulia zake. Ndivyo tulivyosimuliwa tangu utotoni. Sasa nimefungua makaratasi, na kila karatasi imemfungisha ndoa upya, na bibi yuleyule, kwa tarehe inayoipenda yenyewe. Na mimi ndiye ninayetakiwa kuamua ipi ndiyo harusi, kana kwamba nilialikwa.

Aliyeniponza ni binamu yangu. Anataka ukoo mzima tuvae fulana: kifuani mchoro wa mti wa ukoo, chini ya mti mwaka wa ndoa ya wazee. "Kaka, wewe una muda. Nitafutie huo mwaka tu." Huo mwaka tu! Kama vile umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nikaanza na Biblia ya familia. Ukurasa wa mbele una ndoa, uzazi na vifo, kwa mwandiko mzuri mpaka unataka kusimama kwa heshima. Mzuri mno, ndiyo tatizo. Watoto saba wamezaliwa kwa miaka ishirini, lakini wino ni uleule, kalamu ileile, na mkono haukuchoka wala kuzeeka. Huyu aliyeandika alikaa kitako siku moja akamwaga yote kutoka kichwani. Nikatazama ukurasa wa mchapaji: Biblia yenyewe ilichapwa miaka kumi na moja baada ya harusi iliyoandikwa ndani yake. Nikampigia shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, umefika wapi?"

"Biblia imechapwa baada ya harusi."

"Kwani ulitaka harusi imsubiri mchapaji?"

Mtu wa namna hii unamjibu nini?

Jiwe la kaburi nalo linajivunia kwamba marehemu na mkewe waliishi kwenye ndoa miaka hamsini. Piga hesabu ya jiwe, utamkuta babu madhabahuni akiwa na miaka kumi na miwili. Najua kilichotokea. Hamsini inapendeza kuliko arobaini na tatu, na fundi wa mawe si mtu wa kukuomba vielelezo.

Kanisani nikakuta daftari la matangazo. Yale matangazo ya Jumapili tatu, mwenye kipingamizi ajitokeze. Basi nusu ya ndugu zangu wamechukua tarehe ya tangazo la kwanza wakaifanya ndiyo siku ya harusi. Ndugu zangu, tangazo ni nia! Wako waliotangazwa Jumapili zote tatu, na ya nne bwana harusi hajulikani alipo.

Ya kwenye intaneti nitayasema kwa ufupi kwa sababu ya presha. Huko, kwenye mti wa ukoo uliowekwa na mtu, babu ameoa akiwa na miaka sita. Nikamwandikia mwenye huo mti, kwa adabu kabisa. Akajibu kwamba miti mingine mingi inasema hivyohivyo. Ndiyo! Imenakili kwako!

Nina rafiki, mwalimu mstaafu, anayependa kumfariji mtu kwa kumwonyesha aliye na shida kubwa zaidi. Akaniambia nishukuru sitafuti ndoa ya Mwingereza wa zamani. Kwao hadi 1751 mwaka ulikuwa ukianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo watu wanafunga ndoa Aprili 1720, wanambatiza mtoto Februari 1720, na hakuna aibu yoyote, maana Februari ndiyo iliyofuata. Mjukuu wa leo asiyejua anaona mtoto katangulia miezi miwili, anaanza kuwafichia siri watu wasio na siri. Halafu 1752 wakarekebisha kalenda: wakalala tarehe 2 Septemba, wakaamka tarehe 14.

"Na sensa je?" nikauliza, maana nilidhani serikali haina haya za kifamilia.

Akacheka. Sensa yao ya 1841, makarani waliagizwa kushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake. Una 39, andikwa 35. (Hapo wapo wa leo wangeshangilia.) Ya 1911 ikawa na kiherehere zaidi: fomu ikauliza ndoa hii ina miaka mingapi. Sasa mweke baba mwenye nyumba na kalamu yake mkononi. Ndoa ina miaka kumi na moja, mtoto wa kwanza kakaa hapo mbele ana kumi na miwili, anajua kusoma, na anachungulia. Wewe ungeandika ngapi?

Na Waayalandi ndio msiba kamili. Juni 1922, vita vikipiganwa katikati ya Dublin, ofisi ya kumbukumbu iliungua, na vitabu vingi vya parokia vikateketea humo. Nilisikitika kwa dhati. Kisha nikakumbuka fulana, nikawaonea wivu kidogo.

Huyohuyo mwalimu ndiye aliyenifungua macho. Ufaransa, akasema, tangu 1792 ndoa inayohesabika ni ya serikali. Anayetaka baraka za kanisa hupita kwa meya kwanza. Watu walewale, harusi mbili, tarehe mbili, na zote kweli. Nikarudi kwenye rundo langu. Kumbe! Cheti cha serikali ni cha Machi. Kitabu cha ndoa cha kanisa ni Juni ya mwaka uliofuata. Na katikati, ametulia kama hakuna lililotokea, ubatizo wa mtoto wa kwanza.

Nikampigia shangazi kwa furaha.

"Chapeni mwaka wa serikali," akasema.

"Lakini shangazi, kanisani..."

"Huyo mtoto wa kwanza ni babu yangu mimi. Unataka kusema nini?"

"Hakuna, shangazi."

"Haya. Kuna lingine?"

Ningekata simu hapo, leo tungekuwa na fulana. Lakini cheti kina safu ya hali ya ndoa, na kwa upande wa bibi imeandikwa "hajaolewa". Kwa upande wa babu, kwa herufi za kusomeka vizuri kabisa, imeandikwa "mgane".

"Mgane wa nani?" shangazi akauliza.

"Ndiyo ninayokuuliza wewe."

Kimya. Kisha: "Nani kaandika huo upuuzi?"

"Karani wa ndoa. Alishakufa, shangazi."

"Kumbe umbea haukuanza na wewe," akasema, akakata.