Manjano ya maabara si manjano ya jikoni

Nimesoma makala inayodai eti manjano "hujenga mfupa upya" kwa kuamsha seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine! Hapo mwandishi karuka hatua. Seli shina za kwenye uboho zinaweza kuwa seli za kujenga mfupa au seli za mafuta. Mkazo wa oksidesheni (kemikali zinazodhuru seli kuzidi kinga ya mwili) ukizidi, huelemea kwenye mafuta. Kurkumini, kemikali iliyo ndani ya manjano, imeonekana kuzisaidia seli hizo, ila ndani ya vyombo vya maabara. Ukiila, utumbo hufyonza kidogo mno, na hicho kidogo ini hukivunja upesi. Mama yangu aliacha vidonge vya mifupa akashika maziwa ya manjano. Aliteleza bafuni mara moja tu, nyonga ikavunjika. Kuna aliyepima msongamano wa mifupa kabla na baada ya kutumia manjano?