Taa ya watembea kwa miguu ikiwaka kijani, baiskeli iende ama ingoje?

Tuseme uko na baiskeli hapa Kisumu town, umefika mataa, ya magari ni nyekundu lakini ile ya watembea kwa miguu imewaka kijani. Unaenda? Kanuni ya kawaida inasema ukiwa juu ya baiskeli wewe ni kama gari, ngoja, na ukitaka kuvuka na wanaotembea ushuke usukume. Haya, ambia hiyo maneno jamaa amefunga gunia la mahindi kwa keria anaenda soko la Kibuye, kuishukisha tu na kuishika isianguke ni kazi.

Kwingine wamelegeza. Idaho, huko Marekani, tangu 1982 baiskeli ikikuta alama ya kusimama inapunguza tu mwendo na kupisha, na California kutoka Januari 2024 imeruhusu baiskeli kuvuka na taa ya watembea kwa miguu. Na si upuzi, kwa sababu hatari kubwa mataani ni lori inakata kushoto na wewe uko ubavuni mwake upande huo huo wa kushoto, dereva amekaa kulia hakuoni, halafu magurudumu ya nyuma yanakata kona kwa ndani kuliko ya mbele na yanakufinya hapo kwa ukingo. Ukipewa sekunde chache za kutangulia unakuwa mbele yake anakuona. Malori yetu ya kutoka Busia si mafupi.

Lakini mwenye kutembea naye? Dereva akikata kona anatafuta kwa zebra mtu wa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, baiskeli inakuja na 15 kutoka mahali hata hakutupa macho, na mama mzee mwenye mkongojo ndiye atabaki katikati akijaribu kukwepa wote wawili.

Halafu kuna kitu Idaho hawana: nduthi, yaani pikipiki za boda. Ruhusu baiskeli leo, kesho nduthi zimefuata, keshokutwa tuktuk, na kila mmoja atakuambia si nilikuwa nafuata yule wa mbele (na karao atashika yupi?). Hiyo kwangu ndiyo inaangusha sheria za Idaho na California huku kwetu, hata kama kwa makaratasi ni nzuri.

Zile sekunde za kutangulia mimi nazikubali, ila baiskeli ipite kwa barabara yenyewe si kwa zebra, ipakwe nafasi yake mbele ya mstari wa magari na iwe na kataa kake kenye picha ya baiskeli, ndio nduthi ikienda nayo ijulikane imevunja sheria. Kwa zebra, sukuma, hata na gunia.

Na hayo yote ni ya penye mataa. Kwa raundabauti haisaidii, huko mtu wa baiskeli anaokolewa na magari kuingia polepole, so matuta kwanza.