Fulana, Flaneli na Kanga ya Mama Mkwe

Klabu ya tenisi ya mtaani kwetu, huku kusini mwa Uingereza, huwa na siku moja kila kiangazi ambapo wanachama hucheza kizamani: raketi za mbao, mipira myeupe, na mavazi yasiyovuka mwaka 1925. Mimi uanachama wangu ni ule wa bei ya chini, wa asubuhi za siku za kazi, lakini hili nikasema halinipiti. Mzee mmoja wa kamati akaniambia, kwa Kiingereza chake cha puani, nije na flaneli nyeupe. Hilo tu? Nikaenda nyumbani nikatoa fulana zangu tatu, nikachagua ile isiyo na tundu kwapani.

Kumbe flaneli ni suruali. Suruali ndefu ya sufu, nzito kama blanketi la hospitali. Fulana yetu na flaneli yao ni neno lile lile, ila njiani kuja kwetu lilipanda kutoka miguuni hadi kifuani na hakuna aliyenitaarifu. Mzee aliponiona na fulana yangu mkononi akanihurumia, akaniazima suruali iliyokuwa ya marehemu baba yake, pamoja na tai kuukuu ya kufungia kiunoni badala ya mkanda.

"Ukiipiga pasi," akasema, "tandaza kitambaa kibichi juu yake. Chuma kisiguse sufu."

Hayo maneno ya kitambaa kibichi yashikeni, tutayarudia.

Wiki nzima nikawa msomi wa tenisi ya kale. Mama watoto anatoka zamu ya usiku, ananikuta mezani natazama picha za Bill Tilden, bingwa wa Marekani, kavaa suruali ndefu na sweta kama mtu anayepeleka posa. Wanaume walivumilia joto lile miaka na miaka. Bunny Austin ndiye aliyethubutu kuingia na kaptula kwenye mashindano ya Marekani mwaka 1932, na watu wakamkodolea macho. Wanawake ndio usiseme. Gauni la kufagia nyasi, sketi za ndani, koseti ya kamba iliyobana mpaka pumzi inaomba ruhusa. Mwaka 1905 May Sutton alitoka California akaenda Wimbledon, akakunja mikono ya blauzi yake, vifundo vya mikono vikaonekana, na likawa gumzo. Vifundo vya mikono! Marehemu bibi yangu wa Tanga alikuwa wa buibui na ukaya, na hata yeye angewauliza kulikoni.

Lakini kilichonipotosha ni fainali ya Wimbledon ya 1919. Upande mmoja Dorothea Lambert Chambers, miaka 40, bingwa mara saba, sketi ndefu na koseti. Upande wa pili binti wa Kifaransa, Suzanne Lenglen, miaka 20, mikono mifupi, gauni limeishia kwenye miundi, koseti kaiacha kwao, na katikati ya mchezo anapiga funda la konyaki. Mfalme George wa Tano yuko jukwaani anatazama. Binti akashinda 10–8, 4–6, 9–7, baada ya kuponea chupuchupu mara mbili, maana yule mama alibakiza pointi moja tu ashinde. Somo nililolitoa mimi, kwa akili zangu hizi, ni kwamba kijana humshinda mtu mzima. Nilikuwa nimeshapangiwa mpinzani: mwalimu mstaafu, bibi wa miaka 74. Nikaanza kumwonea huruma mapema.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikapiga pasi. Watoto wamelala, nimewasha taa ndogo ya kando ya kitanda tu. Mbele nilitumia taulo la jikoni, likaja vizuri. Nilipogeuza nyuma taulo limeshaungua kidogo, nikapapasa kitini, mkono ukagusa kitambaa. Nikakichovya kwenye beseni, nikakikamua, nikakitandaza juu ya makalio ya suruali, nikashindilia pasi. Mvuke ukatoka, harufu ya dukani ikanijia, nikasema hapo sawa. Kwa vile nilikuwa na usingizi, nikavikunja vyote viwili pamoja, suruali na kitambaa chake, nikalala.

Kitambaa chenyewe ilikuwa kanga. Doti mpya kabisa, imefika wiki ile kutoka Tanga kwa mama mkwe, haijapindwa wala kuguswa na maji. Kama umekulia nyumba yenye wanawake unajua kanga mpya hufuliwa peke yake, tena mara ya kwanza maji huwa kama ya rosela. Mimi nimekulia humo. Najua. Lakini saa sita za usiku elimu hulala pia.

Asubuhi vurugu ya watoto na basi. Nimeitwaa suruali gizani, nimevaa, nimefunga tai kiunoni, juu nimeshusha sweta jeupe la mtumba lililonifika mapajani. Kwenye kioo nikajitazama mbele. Jamani, nilipendeza! Nikachukua na chupa ya chai ya tangawizi, ndiyo konyaki yangu.

Mwalimu alikuja na sketi mpaka vifundoni na kofia iliyobanwa na pini ndefu, anatembea wima kama mlingoti. Nikamwamkia kwa adabu zote. Akatabasamu, akaanzisha mpira kwa chini, kama anayemrushia mtoto ndizi. Nikasema masikini, bibi wa watu. Ule mpira ukagusa nyasi, ukakata kona, ukalala. Haukudunda. Ulilala kabisa kama paka. Nikapiga hewa.

Raketi ya mbao nayo ni mtihani. Uso wake mdogo kama kikaango cha yai moja, nyuzi zake ni utumbo wa mnyama, na ukikosa katikati mpira unagonga mbao, ko! kama mtu anabisha hodi. Mimi nilibisha hodi mchezo mzima. Sufu ilishaanza kunywa jasho, na kila nikikimbia suruali ilibaki nyuma kidogo halafu inanifuata. Tulipofika 3–0, zangu zikiwa sifuri, joto likanishinda. Nikavua sweta.

Nikageuka kufuata mpira nyuma, nikasikia watazamaji wananong'ona, kisha kicheko cha chinichini. Nikageuka tena, makofi. Nikajiambia, wameanza kuukubali mtindo. Basi nikawa naokota mipira kwa madaha, nainama taratibu, naweka mkono kiunoni kama Tilden. Makofi yanazidi. Kuna bwana mmoja alipiga mluzi. Mwalimu alikuwa ng'ambo ya wavu, mbele yangu, hakuona kitu. Aliendelea tu kunirushia ndizi. 4–0. 5–0. Nilikuwa nachapwa na nashangiliwa kwa wakati mmoja, na nikaona hayo ndiyo maungwana ya Kiingereza.

Ikaisha 6–0. Nilikuwa nimeisoma 1919 tu. Ningesoma kurasa chache nyuma ningekuta kwamba huyo huyo Lambert Chambers, na sketi yake na koseti yake, mwaka 1911 alishinda fainali ya Wimbledon 6–0, 6–0, mpinzani hakupata hata gemu moja la kuonja.

Naenda meza ya chai, mzee wa kamati ananijia, sauti ya chini, ananiuliza kama lile ni jina la klabu yangu ya nyumbani. Jina gani? Akaelekeza macho nyuma yangu, akayaondoa haraka. Kabla sijajibu, bi mkubwa mmoja aliyekuwa akimimina chai, ambaye siku zote nilimdhania Mhindi wa huku huku, akaiweka birika chini.

"Mwanangu, hebu geuka nikuone."

Kiswahili safi cha Mombasa! Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho hayakuwa usoni kwangu. Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine:

"Mdhaniae ndiye... kumbe siye."

Akakaa chini. Alicheka mpaka akashika meza, vikombe vikalia. Watu wakamzunguka wanataka tafsiri, naye akawapa, neno kwa neno, na mimi nimesimama pale nimejiziba na raketi ya mbao ambayo, kama nilivyosema, uso wake ni mdogo.

Chooni ndiko nilikoiona vizuri. Maua mekundu kwenye mapaja yote mawili, na juu yake maandishi meusi yaliyonyooka kama ya kiwandani, "MDHANIAE NDIYE" tako la kushoto, "KUMBE SIYE" la kulia. Kwenye uwanja ambao kila mtu kavaa nyeupe tupu. Wenyewe waliichagua nyeupe zamani ili jasho lisionekane, na kweli, jasho langu halikuonwa na mtu.

Yule mzee alikataa nisiilipie suruali. Alisema baba yake angependa. Sijui.

Mama watoto hakucheka mara moja. Alitazama kanga kwanza, imefifia katikati kama imenyonywa, akanitazama mimi, halafu suruali. "Ile ya mama?" Nikainamisha kichwa. Ndipo akacheka, akanigeuza ukutani, akapiga picha, na kabla sijamkamata mkono ilishafika Tanga.

Mama mkwe akajibu kwa sauti. Tukaweka simu katikati ya meza, tukamsikiliza wote, watoto nao. Alisalimia kwanza, akauliza hali ya hewa, akauliza wajukuu wanakula. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sasa mwanangu," akasema, "huyo mumeo kajuaje kama ile kanga niliinunua kwa ajili yake?"