Jamani, Nilitaka Kuona AK Tu

Kwa miaka sita nimefanya kazi ya ofisi kwa makofi. Skrini yangu, inchi 17, mraba kama biskuti, ilikuwa inaamka asubuhi na rangi ya pinki. Unaizaba kofi moja shavu la kushoto, inarudi nyeupe. Ikifika saa nane mchana, bati limeshika moto, pinki inarudi, unaizaba tena. Mteja mgeni akisikia pa! anadhani nimeua mbu. Namwacha adhani hivyohivyo.

Sisi ni mawakala wa forodha hapa Kampala. Kontena linashuka Mombasa, lori linapita Malaba, na mimi karani niko hapa na jedwali langu la Excel. Jedwali lenyewe lilianzishwa na karani aliyenitangulia, Mungu amsamehe, ambaye kila alipopata wazo aliongeza safu. Safu A ni jina la mteja. Safu AK ni ada tunayomtoza. Hapo kati kuna kila kitu: namba ya kontena, namba ya lori, simu ya dereva, simu ya pili ya dereva, na safu moja imeandikwa "MENGINEYO" ambayo hakuna aliyewahi kuijaza.

Skrini ya inchi 17 inaonyesha A mpaka S. Basi. Nikitaka kujua nani anadaiwa nini, naweka kidole kwenye mstari wa mteja, nasukuma jedwali, kidole kinabaki kimeganda kwenye kioo, na nikifika AK sijui tena kama niko kwa Hajji wa Kikuubo au kwa mama wa nguo za Owino. Mwezi wa pili nilimpelekea Hajji bili ya yule mama. Akalipa siku ileile, tena akashukuru kwa punguzo.

Bosi hakushukuru. Aliniita, akaniambia, "Baba Shamim, nenda kanunue skrini kubwa. Milioni moja. Ikizidi, utaongeza wewe."

Ukitaka kujua Kampala ina wataalamu wangapi, sema unanunua monita. Mhasibu wetu akasema nichukue iliyopinda, ati inapumzisha macho. Mimi nina meza iliyopinda tayari, sikutaka viwe viwili. Mzee wa mlangoni, ambaye simu yake ni ya tochi, alisisitiza nisinunue chini ya 4K, zile zenye nukta nyingi kabisa. Na shemeji yangu, huyu sasa ndiye aliyenipotezea Jumapili nzima, akasema mimi ni mjinga: kwa hela hiyohiyo ninapata televisheni ya inchi 43, mchana nafanya kazi, jioni natazama Arsenal.

Nikaenda kwake na kompyuta ya mapajani, tukaichomeka kwenye televisheni yake. Cha kwanza, kingo za picha zilikuwa zimekatwa. Kitufe cha kuanzia kule chini kushoto hakikuwepo. Nadhani kilikuwa kwa jirani. Kumbe televisheni nyingi huikuza picha kidogo, na usipoingia kwenye mipangilio yake ukaiamuru iache, inakula pembeni kote. Tukaitafuta hiyo mipangilio saa nzima, tukabadilisha lugha kuwa Kichina kwa bahati mbaya, tukarudi. Kingo zikaonekana, lakini maandishi mekundu yalikuwa na ukungu kama yameandikwa na mtoto kwa peni inayovuja. Halafu umbali! Ukiketi mezani kwenye inchi 43, ni sawasawa na kukaa benchi la mbele kabisa kibandani, pale ambapo sinema huioni, unaona pua ya muigizaji tu. Shemeji akasema nitazoea. Yeye mwenyewe anaitazama akiwa amelala jikoni.

Jumatatu nikaingia William Street. Nilianza na kosa la kusalimia kwa Kiswahili. Mimi mtu wa Tororo, mpakani, Kiswahili ndicho tulichochezea mpira, lakini Kampala ukifungua mdomo kwa Kiswahili mtu anakutazama kwanza kiunoni kama kuna bastola. "Karibu, afande!" Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, kwa wauza monita hiyo barua bado iko njiani. Nikaona heri niwe afande, afande hupunguziwa. Huyu hakupunguza hata sumni.

Sasa nisikilizeni. Dukani, kila skrini inaonyesha kasuku. Kasuku mwekundu, kasuku wa kijani, samaki wanaelea, tone la asali linaanguka polepole mpaka unameza mate. Zote nzuri. Ya laki nne nzuri, ya milioni tatu nzuri. Nikamwambia yule kijana, mwanangu, ofisini kwetu hatuna kasuku. Nifungulie Excel.

Akanitazama kama nimemwomba avue shati. "Excel, ssebo?" Ssebo ni bwana tu kwa Kiganda; uafande ukaisha hapohapo. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba Excel. Lakini akaifungua, na hapo ndipo nilipoona siri ya mji huu.

Skrini ya inchi 22 ina nukta, yaani vile vitone vinavyochora picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Ya 24, nukta 1920 kwa 1080. Ya 27 ya bei poa, hizohizo. Ya 32 ya bei poa, hizohizo! Kikombe cha unga ni kilekile, kinachoongezwa ni maji. Ya 22 ni ugali, ya 24 ni uji mzito, ya 27 uji wa mgonjwa, na ya 32 ni maji yaliyopita karibu na unga. Excel kwenye zote inaishia safu ya AC. Unaongeza laki tatu, AC ni ileile, ila imenenepa. Tena herufi zinaanza kuonyesha ngazi pembeni. Namba ya forodha ya bidhaa ina tarakimu nane, na mimi kwenye ile ya 32 nane niliisoma tatu. Tarakimu moja tu ikikosewa, sahani zimekuwa matairi.

Akanipeleka kwa ile 4K ya inchi 27. Nukta 3840 kwa 2160. Banange! Excel ilikwenda, ikaenda, nadhani ilivuka mpaka wa Katuna ikaingia Rwanda. Lakini herufi zilikuwa sisimizi. Kijana akasema hapana, unakuza asilimia 150. Nikamuuliza, nikikuza nitaona safu ngapi? Akahesabu, akakuna kichwa, akakiri: sawa na skrini ya nukta 2560. Herufi zitakuwa kali zaidi, hilo ni kweli, kali kama za kitabu. Lakini mimi nasoma madeni. Deni halihitaji kung'aa.

Nikasema basi nionyeshe hiyo ya 2560. Akanileta kwenye inchi 32, nukta 2560 kwa 1440, bei 960,000. Herufi zake zilikuwa na ukubwa uleule wa skrini ya kawaida ya inchi 24, hakuna kukuza, hakuna sisimizi. Na Excel? Mpaka AM. Nikaona A. Nikaona AK. Zote mbili, pamoja, zimekaa mstari mmoja kama maharusi. Nusura nilie.

Nilikuwa na futi ya cherehani ya mke wangu mfukoni, kwa ajili ya kupima meza. Nikapima kioo. Upana sentimita 71. Nikageuza upande wa inchi: 28.

"Kijana, umesema 32. Inchi nne ziko wapi?"

"Inapimwa kona kwa kona, ssebo."

Kona kwa kona! Hebu nenda Mukono kamuuzie mtu kiwanja umekipima kona kwa kona, uone kama hamtakutana kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Lakini nikapima mwenyewe kwa mshazari, zikatimia 32, nikakosa la kusema. Dunia nzima imekubali kuibiwa kwa mtindo mmoja.

Kijana akaona nimelainika, akaongeza sifa. Kioo chake ni cha aina ya IPS, akasema. Njoo usimame huku pembeni kabisa, unaona? Rangi haibadiliki, kila kitu kinasomeka. Nikaenda pembeni. Kweli, kilisomeka. Nikampongeza. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, na nililichimba nikicheka. Mguu wa skrini akanionyesha juujuu tu: huu unainamisha mbele na nyuma. Nikasema sawa, skrini si feni.

Bodaboda sitaisimulia sana. Boksi lilikuwa pana kuliko mwendeshaji na mimi tukijumlishwa, na Jinja Road kulikuwa na upepo. Tulikwenda kama jahazi.

Ofisini, kasheshe. Kompyuta yetu, lile boksi jeusi la chini ya meza, lina tundu la zamani la VGA na matundu mengine mawili ya ajabu yaliyokatwa kona moja. Skrini mpya inataka waya wa HDMI. Kijana wetu wa kompyuta alikuwa kwao Mbale kwenye mazishi. Nikarudi mjini, nikanunua kigeuzi cha VGA kwenda HDMI, 45,000. Jumlisha mwenyewe. Ile 5,000 iliyozidi niliongeza mimi, kama nilivyoahidiwa.

Nikawasha. Nikafungua jedwali.

AC.

Herufi zimevimba kama zimeng'atwa na nyuki. Nikazima, nikawasha. AC. Nikaizaba kofi, kwa mazoea. AC. Bosi akapita, akasema, "Unaionaje?" Nikasema nzuri sana, bosi, macho yamepona. Siku tatu nilifanya kazi na uji wa milioni moja, nasukuma jedwali kwa kidole kilekile. Na bosi kila akipita anauliza inakula umeme kiasi gani. Nikamsomea nyuma: wati 30. Saa nane za kazi ni kama robo yuniti. Birika lake la chai linamaliza hiyo kwa dakika nane, ila kuna hesabu ambazo karani hafanyi kwa sauti.

Kijana wa kompyuta aliporudi, akainama chini ya meza, akacheka mpaka akakaa. Kile kigeuzi, akasema, hakivuki 1920. Hata ukileta skrini ya ukubwa wa Ziwa Nalubaale, kitakupa 1920. "Mzee, ule waya uliokuja ndani ya boksi uko wapi?"

"Waya upi?"

"Una kichwa kilichokatwa kona moja."

Nikahisi jasho. Ulikuwepo. Ulikuwa mzuri, mnene, mweusi, na kwa kuwa haukuingia kwenye kitu chochote ninachokijua, nilimpa askari wa getini. Nikashuka ngazi mbili mbili. Nikaukuta umefunga madumu mawili ya maji kwenye baiskeli, fundo la kisawasawa. Askari akakataa kuurudisha. Akasema umeshika kuliko mpira. Tukaelewana kwa roleksi mbili, zile chapati za kuviringwa na mayai, na mpira mpya wa tairi.

Ukaingia kwenye lile tundu la ajabu kama ufunguo wa nyumba yako mwenyewe. DisplayPort, ndivyo linavyoitwa. Matundu mawili, miaka sita, nilikuwa nayapangusa vumbi tu. Skrini ikazimika, ikawaka, na AK ikajitokeza kule kulia imetulia.

Siku nne nilikuwa mfalme. Sikusukuma kitu. Nilikuwa natazama tu, kama mtu aliye na ng'ombe.

Siku ya tano akaja Hajji wa Kikuubo. "Assalamu alaykum, Baba Shamim." Akaketi kwenye kiti cha wateja, pembeni ya meza, pale ambapo skrini ya zamani ilionekana giza tupu, ungedhani imezimwa. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akaanza kujibu, akanyamaza katikati. Akatoa miwani.

"Huyu mama wa Owino," akasema taratibu, "kontena lake lilikuwa la futi ngapi?"

"Arobaini, Hajji."

"Na langu?"

"Arobaini."

"Sasa mbona AK yake ni 350,000 na AK yangu ni 500,000?"

Mzee huyu hajawahi kugusa kompyuta. Risiti zake anaziweka ndani ya kanzu. Lakini alitamka AK kama yeye ndiye aliyeiongeza. Nikaruka kuigeuza skrini. Mguu ule, kumbukeni, haugeuki. Unainamisha tu mbele na nyuma. Kila nikiusukuma, skrini inaitikia kwa kichwa. Hajji anasema, "Kwa hiyo miaka yote mnanizidishia?" Skrini: ndiyo. "Na ile bili ya mwezi wa pili ndiyo ilikuwa bei ya haki?" Skrini: ndiyo, ndiyo.

Hajji sasa analipa 350,000. Bosi amesema tofauti yake tutaizungumza mwisho wa mwezi, mimi na yeye, mlango umefungwa.

Meza siwezi kuigeuza, nyuma yangu ni dirisha na jua la jioni linaingia lote. Kwa hiyo jedwali nimelibana kule kona ya juu kushoto, mbali na kiti cha wateja. Nililipima kwa futi ya mke wangu: ni ukubwa uleule wa skrini ya zamani. A mpaka S. AK naisukuma kwa kidole.

Nafasi yote iliyobaki nimeweka kasuku. Hajji anampenda sana yule wa kijani.