Bei ya Ndama Dume Mnadani Ni Deni

Ndama dume wa ng'ombe wa maziwa huuzwa mnadani kwa bei ndogo kwa sababu mwenye ng'ombe hana kazi naye: hatakamuliwa kamwe, na hata akikua hajazi nyama kama ndama wa ng'ombe wa nyama. Nimewanunua kwa misimu kadhaa, na maoni yangu ni kwamba mfugaji mdogo anayevutwa na bei hiyo hukosea hesabu tangu mwanzo, kwani alichokiokoa mnadani hudaiwa baadaye bandani, kwa maziwa, kwa dawa na kwa usiku wa kukesha.

Deni hilo huanza siku ndama anapozaliwa. Huzaliwa karibu bila kingamwili yoyote, yaani kinga za damu dhidi ya maradhi, na huzipata kutoka kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake, lakini utumbo wake huweza kuzipitisha hadi kwenye damu kwa muda mfupi tu. Uwezo huo hupungua kila saa, na saa 24 zikipita huwa umekwisha. Ndama wa kilo 40 anahitaji yapata lita 4 za dang'a katika saa chache za mwanzo. Je, mtu anayejua kwamba dume huyo ataondoka juma hilohilo ataamka usiku wa manane kumnywesha? Wapo wanaoamka, nami nawaheshimu, ila mnadani huwezi kuwatambua, kwa maana ndama aliyekosa dang'a husimama na kuchangamka kama mwenzake hadi siku maradhi yatakapomfikia. Nayo hayako mbali, maana amesafirishwa akiwa na njaa na kuchanganywa na ndama wa mazizi mengine, kila mmoja na vimelea vyake.

Nilichoweza kukagua mnadani kilikuwa kidogo, na dalali hakuningoja: kitovu kiwe kikavu na kisichovimba, macho yasiwe yamezama, mkia usiwe na kinyesi cha majimaji, na nikimtia kidole kinywani akinyonye kwa nguvu.

Mara ya kwanza nilileta watatu, na siku ya nne mmoja akaanza kuhara. Niliambiwa nimnyime maziwa ili tumbo lipumzike, nikatii kwa siku mbili, akafa. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba ndama anayehara huuawa zaidi na upotevu wa maji na chumvi mwilini, na kwamba mimi nilikuwa nimemwongezea njaa juu ya kiu. Siku hizi anayehara hupewa maji ya vuguvugu yenye chumvi na glukosi kati ya milo, maziwa yake yakiendelea kama kawaida, na akishindwa kusimama au kunyonya namwita daktari wa mifugo bila kusubiri kesho. Hata wanaofika wakiwa wazima huanza na maji hayo. Maziwa hufuata saa chache baadaye, yakiwa na joto la nyuzi 39 hivi, na kwa majuma matatu hawakaribiani na ndama wangu wengine.

Akivuka kipindi hicho kazi hupungua, mradi banda liwe kavu na lipitishe hewa, maana harufu kali ya mkojo huwatengenezea kichomi njia. Nafaka na maji safi huwekwa mapema, kwa kuwa nafaka ndiyo inayokuza tumbo la kucheulia. Namwachisha maziwa anapokula kama kilo moja ya nafaka kwa siku, siku tatu mfululizo, hata kalenda ikisema amechelewa.

Kuhasi sina mjadala nako. Dume wa ng'ombe wa maziwa aliyelelewa kwa chupa hukua bila kumwogopa binadamu, na akishapevuka humwona kama dume mwenzake wa kupambana naye. Yule aliyekufuata akilamba mkono wako ndiye atakayekubana ukutani.

Mnadani sasa siendi. Nimepatana na jirani anayekamua, nami humlipa zaidi ya bei ya mnada kwa sharti moja, kwamba dume akizaliwa anyweshwe dang'a yake yote kwanza, na akizaliwa usiku nipigiwe simu nikamnyweshe mwenyewe. Ameshanipigia mara mbili, zote saa tisa za usiku.